Val Lewton: mtu aliyeogofya dunia kwa giza, ukimya na pesa kidogo

Tarehe 14 Machi 1951, katika hospitali moja ya Los Angeles, Marekani, moyo wa mtengenezaji filme Val Lewton ulisimama. Alikuwa na miaka 46 tu. Hakuacha mali nyingi, na magazeti ya siku hiyo hayakumpa nafasi kubwa. Lakini kazi aliyofanya kati ya mwaka 1942 na 1946, filme 9 za kuogofya zilizotengenezwa kwa pesa kidogo sana, inafundishwa mpaka leo kila mahali watu wanapojifunza sinema.

Moja kati ya filme hizo inahusu zombi, yaani maiti inayotembea bila roho na bila akili yake. Na neno hilo zombi, kabla ya kufika Hollywood, lilitoka upande wetu wa Afrika. Ndiyo maana maisha ya Lewton yanastahili kusimuliwa kwa wasomaji wa Masisi na Walikale, ambako vijana wengi wanaangalia filme za namna hii kwenye simu, kadi memori ikipita mkono kwa mkono.

Mtoto wa Yalta

Lewton alizaliwa tarehe 7 Mei 1904 katika mji wa Yalta, kando ya Bahari Nyeusi, wakati ule ukiwa ndani ya utawala wa mfalme wa Urusi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Vladimir Leventon. Familia ilikuwa ya Kiyahudi. Mama yake, Nina, alitengana na mumewe, akachukua watoto wawili, Vladimir na dada yake Lucy, akaenda nao Berlin. Mwaka 1909 wakavuka bahari kwenda Marekani.

Huko kulikuwa na mtu wa kuwapokea: shangazi yake Vladimir upande wa mama, Alla Nazimova. Mwanamke huyo alikuwa mwigizaji wa jukwaani mwenye sifa kubwa New York, na baadaye akawa nyota wa filme za kimya. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba za wanawake waliojua hadithi, vitabu na maigizo. Jina la Leventon likafupishwa kuwa Lewton, na Vladimir akawa Val.

Alisoma uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kazi yake ya gazeti haikudumu. Wakati mmoja wa joto kali aliandika habari ya kuku waliokufa kwa wingi kwa sababu ya jua. Habari ilisomeka vizuri, lakini ilikuwa ya uongo, na wakubwa wake wakamfukuza. Baada ya hapo akaandika riwaya nyingi za haraka, zile za bei ndogo zinazouzwa kituoni, nyingine kwa majina ya bandia. Iliyopata wasomaji wengi ilitoka mwaka 1932, No Bed of Her Own, kuhusu msichana wa New York asiye na kazi wakati wa shida kubwa ya uchumi.

Kijana wa kazi zote

Katika miaka ya 1930 Lewton alihamia Hollywood akawa msaidizi wa David O. Selznick, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa filme. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu, kuchagua hadithi, kurekebisha maandishi ya watu wengine na kupokea barua ndefu za bosi wake usiku na mchana. Alishiriki pia katika kazi ya Gone with the Wind, filme kubwa kuhusu vita ya ndani ya Marekani.

Mwaka 1935, katika filme ya A Tale of Two Cities, alipewa sehemu ya mapinduzi ya Ufaransa aisimamie pamoja na kijana mmoja Mfaransa, Jacques Tourneur. Wawili hao wakaelewana. Urafiki huo ndio uliozaa kazi nzuri zaidi ya maisha yao.

Masharti matatu

Mwaka 1942 shirika la RKO lilikuwa na shida ya pesa. Lilikuwa limetumia nyingi kwa filme za Orson Welles, na faida haikurudi. Wakati huohuo shirika lingine, Universal, lilikuwa likipata pesa nzuri kwa filme za Dracula, Frankenstein na mbwa-mwitu mtu. Wakubwa wa RKO wakaamua kuwa na kitengo chao cha kuogofya watu, na wakamwita Lewton akiongoze kwa mshahara wa dola 250 kwa juma.

Walimpa masharti matatu. Filme moja isipite dola 150,000, kiasi kidogo sana kwa Hollywood ya wakati ule. Isipite dakika 75. Na jina la filme litatoka ofisini kwa wakubwa. Lewton atapokea jina kwanza, kisha atafute hadithi ya kulijaza.

Jina la kwanza lilikuwa Cat People, watu-paka. Mtu mwingine angetafuta ngozi ya chui na meno ya plastiki. Lewton hakuwa na pesa za kutengeneza mnyama wa kuaminika, na alijua kwamba mnyama wa bandia huchekesha watu. Akachukua njia ya pili: asiuonyeshe kabisa. Alimwita Tourneur aongoze, akamchukua Nicholas Musuraca apige picha, akatumia ngazi kubwa ya nyumba iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya filme ya Welles. Vitu vya kukopa vikafunikwa na kivuli.

Kuna mahali katika filme hiyo ambapo mwanamke anatembea peke yake usiku kando ya bustani. Nyuma yake zinasikika hatua za mwanamke mwingine. Ghafla hatua zinanyamaza. Anageuka, haoni mtu. Anatembea haraka zaidi. Mtazamaji anashika pumzi akingoja mnyama aruke. Kinachokuja ni basi la abiria likifunga breki kwa kishindo mbele yake. Hakuna damu, hakuna jino, lakini watu waliruka kwenye viti vyao. Mpaka leo watengenezaji wa filme wanaita ujanja huo basi la Lewton.

Wakubwa walitaka chui aonekane. Mmoja wao alitaka hata Tourneur aondolewe kazini baada ya siku chache tu. Lewton akapanda juu zaidi ofisini kumtetea rafiki yake, na Tourneur akabaki. Chui aliwekwa kidogo, ndani ya giza, ili mtazamaji asiwe na hakika ameona nini. Filme ilitoka mwezi wa Desemba 1942, ikarudisha gharama zake mara nyingi.

Neno lililovuka bahari

Jina la pili kutoka ofisini lilikuwa I Walked with a Zombie. Wakubwa walikuwa wamelitoa katika makala ya gazeti. Hapa ndipo historia ya Lewton inapogusa historia ya Congo.

Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba neno zombi linatokana na Kikongo na lugha za jirani zake, magharibi ya nchi yetu na kaskazini ya Angola, ambako kuna maneno yanayofanana nalo kwa roho, kwa maiti na kwa Mungu. Watu wa ufalme wa Kongo na jirani zake waliuzwa utumwani, wakapelekwa kwa maelfu mengi katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo tangu mwaka 1804 linaitwa Haiti. Huko walifanyishwa kazi katika mashamba ya miwa mpaka kufa.

Katika mashamba hayo hofu ilichukua umbo jipya. Mtumwa aliweza kutumaini kwamba kifo kitamrudisha kwa wazee wake. Jambo baya kuliko kufa lilikuwa kufa na kuamshwa tena ili kuendelea kukata miwa, bila jina, bila kulalamika, milele. Huyo ndiye zombi wa kwanza. Hakuuma mtu wala kula nyama ya mtu. Alikuwa mfanyakazi aliyenyang'anywa hata haki ya kupumzika kaburini.

Jeshi la Marekani liliikalia Haiti toka mwaka 1915 mpaka 1934, na wasafiri wakarudi nyumbani na hadithi hizo. Mwaka 1932 ikatoka White Zombie, filme ndefu ya kwanza juu ya jambo hilo, nayo pia ya pesa kidogo. Ndani yake wafu wanazungusha kinu cha miwa. Mmoja anaanguka ndani ya kinu na wengine hawasimami.

Mtu wa Masisi au Walikale haelewi jambo hili kwa shida. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwa miaka mingi namna watu wenye silaha walivyowafanyisha raia kazi ya nguvu katika machimbo na barabara. Kazi hiyo inaitwa salongo, jina lililobaki toka wakati wa Mobutu. Wachimbaji waliobeba kasiterite mgongoni kutoka Bisie, wakipita msituni mpaka Njingala, na wale wa koltani wa Rubaya, wanajua maana ya mwili unaotembea wakati akili imechoka zamani.

Usiku katika shamba la miwa

Lewton hakutaka kutengeneza filme ya kipumbavu kwa sababu tu jina lake lilikuwa la kipumbavu. Aliwaambia waandishi wake, Curt Siodmak na Ardel Wray, wachukue mfano wa riwaya ya zamani ya Kiingereza, Jane Eyre, na waihamishie katika kisiwa cha Karibi. Akasoma na kuuliza mambo ya Haiti, kisha yeye mwenyewe akapitia kila ukurasa, kama alivyofanya kwa filme zake zote.

Hadithi ni hii. Muuguzi kijana kutoka Canada anafika katika kisiwa cha kubuni, Saint Sebastian, kumtunza mke wa mwenye shamba la miwa. Mgonjwa ni mzuri wa sura, anatembea, lakini hasemi na hana nia yake. Daktari anasema ni homa iliyoharibu uti wa mgongo. Wafanyakazi wa shamba wanasema amekuwa zombi. Muuguzi, akitafuta dawa, anamchukua mgonjwa usiku na kupita naye katika shamba la miwa kwenda kwa watu wa vodu.

Safari hiyo ya miguu ndiyo moyo wa filme. Hakuna muziki. Kuna upepo kwenye majani ya miwa, nguo nyeupe, mwanga wa tochi, mnyama aliyekufa akining'inia kwenye mti. Halafu, kwenye njia panda, amesimama mtu mrefu, macho wazi, asiyepepesa. Ni Carrefour, mlinzi wa njia, aliyeigizwa na Darby Jones, mwigizaji mweusi. Hafanyi kitu. Anasimama tu. Watu walioona filme hiyo miaka 80 iliyopita walimkumbuka kuliko mazimwi yote ya mpira na rangi.

Kuna jambo lingine ambalo Hollywood ya mwaka 1943 haikuzoea kulisema. Mara tu muuguzi anapofika, mweusi anayeendesha gari la farasi anamweleza namna babu zake walivyoletwa kisiwani ndani ya meli, wakiwa na minyororo. Sanamu iliyotolewa kwenye meli hiyo bado imesimama katika uwanja wa tajiri. Watu wa kisiwa hulia mtoto anapozaliwa, kwa sababu utumwa uliwafundisha kwamba kuzaliwa ni mwanzo wa mateso. Mwimbaji Sir Lancelot, mzaliwa wa Trinidad, anaimba aibu ya familia ya tajiri mbele ya watu wote. Katika filme nyingine za wakati huo, weusi waliwekwa ili wachekeshe. Kwa Lewton walikuwa ndio wanaojua ukweli wa mahali.

Filme haisemi mwishoni nani alikuwa na haki, daktari au watu wa vodu. Inamwachia mtazamaji.

Kwa nini kivuli kinashika watu

Filme za zombi za leo, zilizofuata njia ya George Romero tangu mwaka 1968, zina makundi ya wafu wanaokula watu. Romero naye alianza na pesa kidogo, karibu dola 114,000, na nyumba moja ya shambani. Njia yake ni nyingine: hatari iko mlangoni na inaonekana. Kwa Lewton hatari haina uso, na mtazamaji ndiye anayeitengeneza kichwani kwa vitu anavyoviogopa yeye mwenyewe.

Watu wa Walikale walijua ujanja huo kabla ya sinema. Wanyanga wana masimulizi ya Mwindo, mtoto shujaa anayeshuka chini ya ardhi akimtafuta baba yake, anapambana na Muisa wa kuzimu, na kwa usinga wake anaweza kufufua waliokufa. Mwaka 1956 mtaalamu Daniel Biebuyck aliyaandika kutoka kinywani mwa msimulizi Candi Rureke, na yakatoka kuwa kitabu mwaka 1969, kazi aliyoifanya pamoja na Kahombo Mateene. Msimulizi huyo hakuwa na picha hata moja. Alikuwa na sauti, wimbo, mdundo na wasikilizaji. Kuzimu kulionekana kwa sababu kila mtu alijichorea kwake.

Kuna wanaouliza kama ni vizuri kuangalia filme za kuogofya katika sehemu ambazo watu wamekimbia mara nyingi, kutoka Kitchanga, Nyabiondo au Masisi-kati. Swali ni la haki. Mtu aliyeona maiti njiani hahitaji kuonyeshwa damu ya rangi. Lakini filme ya kimya inafanya kazi nyingine. Inachukua hofu ya usiku, ile ya kusikiliza kama hatua ni za jirani au za adui, inaipa mwanzo na mwisho, na baada ya dakika 69 taa zinawaka. Maisha hayatoi ahadi hiyo.

Kisiwa cha wafu

Mwaka 1945 Lewton alitoa Isle of the Dead, akiwa na Boris Karloff, yule aliyeigiza zimwi la Frankenstein. Kazi ilisimama katikati kwa sababu Karloff alipasuliwa mgongo. Alipopona wakatengeneza kwanza The Body Snatcher, kisha wakarudi kuimaliza.

Hadithi inatokea Ugiriki mwaka 1912, wakati wa vita. Tauni inaingia kisiwani. Jenerali anafunga kisiwa: hakuna anayetoka. Daktari anawafundisha kunawa mikono na kukaa mbali. Mwanamke mzee anasema kisa si ugonjwa, ni msichana mmoja kati yao aliye na roho mbaya inayokula watu usiku. Jenerali mwanzoni anacheka. Wagonjwa wanapozidi kufa, na daktari mwenyewe anapokufa, jenerali anabadilika. Mwenye nguvu ya bunduki anaanza kumwinda msichana asiye na kosa.

Sisi tumeishi hayo. Ebola ilipopiga Kivu ya Kaskazini kati ya 2018 na 2020, na kufika hata Pinga katika Walikale, watu walinawa mikono kwenye vizuizi huku wengine wakiapa kwamba ugonjwa haupo. Na katika Kivu, watu, hasa akina mama wazee, wameuawa kwa kushitakiwa ulozi bila ushahidi wowote. Lewton alionyesha waziwazi hatari iko wapi. Tauni iliua wengi katika filme yake, lakini zimwi lenyewe lilikuwa mwenye amri aliyekubali uvumi kwa sababu hofu ilimshinda.

Mwisho wa haraka

Filme ya mwisho ya kitengo chake, Bedlam, ilitoka mwaka 1946. Vita ya dunia ilikuwa imekwisha, watu walitaka kucheka, na RKO ikamwacha aende. Lewton, aliyekuwa akiandika usiku na kusimamia mchana, alikuwa tayari na moyo mgonjwa. Alipita katika mashirika matatu makubwa, akatengeneza filme tatu tu katika miaka mitano, hakuna iliyopata sifa ya zile za zamani. Ya mwisho, Apache Drums, ilitoka mwaka ule aliokufa. Aliacha mke, Ruth, na watoto wawili.

Vijana aliowapa nafasi ndio waliokwenda mbali. Robert Wise, aliyekuwa mkataji wa filme kabla Lewton hajamwamini kuongoza, alipata baadaye tuzo za Oscar kwa West Side Story na The Sound of Music. Mark Robson naye akawa mwongozaji mkubwa. Mwaka 2007 Martin Scorsese alisimamia na kusimulia filme nzima kuhusu maisha ya Lewton.

Huko Goma, kituo cha Yole!Africa kimefundisha vijana wa Kivu kutengeneza filme kwa vyombo vidogo. Kijana wa Sake au wa Mubi mwenye simu moja na rafiki watatu hana dola 150,000 za Lewton. Ana giza la bure, mvua kwenye mabati, ukungu wa asubuhi juu ya milima ya Masisi, na msitu wa Walikale ambao hakuna shirika la Hollywood lingeweza kuujenga. Lewton alianza na vichache kuliko hivyo: jina baya la filme, ngazi ya kuazima, na imani kwamba mtazamaji ana akili.